Gillespie, kaunti iliyobomoa kanisa ikabakiza madarasa

Mwaka 1897 watu wa Fredericksburg, makao makuu ya Kaunti ya Gillespie katikati ya jimbo la Texas, walilibomoa jengo la kwanza la umma lililojengwa na wazee wao. Jengo hilo, Vereins Kirche, yaani kanisa la chama, lilisimama katikati kabisa ya barabara kuu tangu 1847. Lilikuwa na kuta nane, kila ukuta ukiwa na mita 5 na nusu hivi kwa upana na kwa kimo, na paa lililopanda hadi kwenye kijumba kidogo kileleni. Wenyeji walilitania kwa kuliita kinu cha kusagia kahawa. Halikuchomwa na adui wala halikuzolewa na mafuriko. Walioliangusha ni watoto na wajukuu wa waliolijenga, kwa sababu lilikuwa limechakaa, linaziba njia, na hapakuwa na mtu aliyelihitaji tena. Mwaka huohuo, mwezi Mei, alifariki John O. Meusebach, kiongozi aliyewaleta walowezi hao, akazikwa nje ya mji karibu na kijiji cha Cherry Spring. Iliwachukua warithi wao karibu miaka 40 kujuta. Katikati ya miaka ya 1930 walijenga nakala ya jengo lile pembeni ya barabara, kwenye uwanja wa soko, na nakala hiyo ndiyo watalii wanayoipiga picha leo wakidhani wanatazama mwaka 1847.

Kisa hicho kinafaa kuwa mlango wa kuingilia kaunti hii, maana kinapinga jambo linalosemwa sana juu yake. Vitabu vya watalii husema Gillespie imehifadhi urithi wake kwa sababu ni ya Wajerumani, na Wajerumani ni watu wa kutunza vitu. Lakini watu haohao walibomoa kilichokuwa cha thamani kuliko vyote, na kwa upande mwingine wakayaacha yakiwa mazima, hadi leo, majengo ya kawaida mno: shule za chumba kimoja au viwili zilizotawanyika mashambani, kumbi za dansi na makanisa madogo ya vijijini. Ukiyapanga majengo hayo kwa kuuliza lipi lilibaki na lipi lilipotea, hutaona kwamba damu ndiyo iliyoamua, wala uzuri, wala ukongwe. Utaona kwamba lililobaki ni lile ambalo majirani waliendelea kulimiliki na kulitumia pamoja. Hiyo ndiyo hoja ya makala hii, na ina mipaka yake, ambayo pia tutaifikia.

Tuanze na wenyewe walivyofika. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea Mjerumani wa boma, wa hati ya Carl Peters na kodi ya kichwa. Wajerumani wa Gillespie ni wengine kabisa. Walipofika, hapakuwa hata na dola moja iitwayo Ujerumani, kwa kuwa dola hiyo ilizaliwa 1871. Walitoka Nassau, Hesse, Hannover, Braunschweig na falme ndogondogo nyingine, kila kundi na lahaja yake na dhehebu lake. Waliletwa na chama cha makabaila kilichoanzishwa 1842 huko Biebrich kando ya mto Rhine, maarufu kwa jina la Adelsverein, kilichoota kuweka koloni la Wajerumani huko Texas na kujipatia faida. Makabaila hao hawakujua biashara wala jiografia. Walinunua haki za ardhi iliyokuwa mbali na pwani, na tena ilikuwa na wenyewe, Wakomanche. Meli zilipoanza kushusha watu pwani, vita kati ya Marekani na Mexico vikazuka mwaka 1846, na magari ya ng'ombe yaliyokuwa yawasafirishe bara yakakodiwa na jeshi. Mamia ya wahamiaji walikufa kwa maradhi wakiwa kambini pwani au njiani. Waliofika mahali patakapoitwa Fredericksburg tarehe 8 Mei 1846 walikuwa kama 120, baada ya safari ya siku 16 kutoka New Braunfels. Kila mkuu wa kaya aliahidiwa kiwanja mjini na ekari 10 za shamba nje ya mji. Haukupita muda chama kikafilisika, Meusebach akajiuzulu, na watu wakabaki mikononi mwa wenzao.

Kwa hiyo Vereins Kirche haikujengwa kwa sababu Wajerumani hupenda makanisa yenye pembe nane. Ilijengwa kwa sababu palikuwa na uwezo wa kujenga jengo moja tu, na jengo hilo lilitakiwa lifanye kila kazi. Wakatoliki walisali humo, Walutheri walisali humo, watoto walisomea humo, mikutano ilifanyika humo, na kama mji ungeshambuliwa watu wangekimbilia humo. Kuta zake zilikuwa za mtindo waliokuja nao kutoka Ulaya: fremu ya magogo yaliyochongwa, na nafasi kati ya gogo na gogo ikijazwa mawe na udongo, kisha ikakandikwa, kazi ambayo fundi wa nyumba za udongo na fito wa pwani yetu angeielewa bila kuelezwa. Lakini umaskini ulipopungua, ushirika wa kulazimishwa nao ulipungua. Wakatoliki walijenga kanisa lao la magogo kabla ya miaka ya 1840 kwisha. Wamethodisti wakajitenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 kundi la Walutheri likaondoka na kujenga kanisa la Zion. Wakatoliki wakaendelea hadi kusimamisha Marienkirche, kanisa la mawe lililokamilika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1908 wakaongeza jingine kubwa zaidi kando yake, lenye michoro ya rangi ndani. Ni majengo mazuri, na bado watu wanasali Fredericksburg. Lakini kila lilipoinuka jengo la dhehebu, jengo la wote lilipoteza sababu moja ya kuwapo. Ilipofika 1897 lilikuwa limebaki jina.

Mfano wa pili ni nyumba za Jumapili, vijumba ambavyo hata mtu asiyejua lolote juu ya Texas akivikuta Fredericksburg atauliza ni vya nini. Mkulima au mfugaji aliyeishi mwendo wa saa kadhaa kwa gari la farasi hakuweza kuja mjini na kurudi siku moja. Basi akajenga mjini kijumba: chumba kimoja, kibanda cha jiko nyuma, baraza mbele, na ngazi ya mbao inayopanda kwa nje ukutani kwenda darini, ambako vijana walilala. Familia iliwasili Jumamosi, ikauza mayai na siagi, ikanunua mahitaji, ikacheza dansi usiku, ikasali Jumapili asubuhi na kurejea shambani. Wazee waliochoka na kilimo walihamia humo moja kwa moja ili wawe karibu na daktari na kanisa. Nyumba ya familia ya Weber, ya mwaka 1904, inaonyeshwa katika makumbusho ya walowezi mjini, na ukiingia utashangaa jinsi ilivyo ndogo. Kisha yakaja magari na barabara nzuri. Kufikia miaka ya 1920 safari ya nusu siku ilikuwa ya dakika chache, na nyumba ya Jumapili ikakosa Jumapili yake. Nyingi leo ni vyumba vya kulaza wageni. Zimehifadhiwa, ndiyo, kwa sababu zinaingiza fedha, lakini familia zilizokutana humo barazani hazikutani tena humo. Paa na ukuta vimenusurika. Desturi iliyoviunda imekwisha.

Sasa toka mjini. Panda barabara za mashambani kuelekea Crabapple, Cherry Spring, Cave Creek, Luckenbach, Lower South Grape Creek, Pecan Creek, Williams Creek. Katika kila mahali hapo utakuta kundi lilelile la majengo, wakati mwingine bila duka wala nyumba nyingine karibu: shule ya mawe meupe ya chokaa au ya mbao, madirisha marefu pande mbili ili mwanga uingie bila taa, tangi la kukusanya maji ya mvua, choo cha nje, mara nyingine nyumba ya mwalimu, na banda kubwa lisilo na kuta kwa ajili ya sherehe. Shule ya Crabapple ilijengwa 1878, na kanisa dogo la Kilutheri la mawe likaongezwa jirani miaka ya 1890. Utaratibu wa kuzianzisha haukutofautiana sana. Familia moja ilitoa kipande cha ardhi, majirani wakavunja mawe na kuyabeba, wakachagua wadhamini miongoni mwao, wakamtafuta mwalimu na kumpa pa kulala. Mwaka wa masomo ulifungwa kwa mtihani wa hadharani ambapo wazazi walikaa kusikiliza watoto wakijibu maswali, halafu ikafuata nyama choma na dansi. Ukitazama kwa makini utaona kwamba shule hizo hazikuwa shule tu. Zilikuwa serikali ya kijiji, ukumbi, na mahali ambapo mtu aliyeishi kilomita tano kutoka kwa jirani yake alimwona jirani huyo.

Shule hizi zilipaswa kufa. Mwaka 1949 Texas ilipitisha sheria za kupanga upya elimu, zijulikanazo kwa majina ya Gilmer na Aikin, zilizoharakisha kuunganishwa kwa shule ndogo, na mabasi ya manjano yakaanza kuwabeba watoto hadi mjini. Kotekote Marekani, shule za mashambani zilizofungwa kipindi kile ziligeuzwa maghala ya majani makavu au ziliachwa zianguke. Gillespie majengo mengi yaliangukia mikononi mwa vyama vya wakazi, na vyama hivyo vikaendelea na yale ambayo shule ilikuwa ikiyafanya nje ya masomo: mikutano, karata na domino za jioni, mikusanyiko ya koo, harusi, nyama choma ya kila mwaka ya kuchangisha fedha za paa. Leo kuna njia ya magari ya zaidi ya kilomita 190 inayounganisha shule 17, inayosimamiwa na jumuiya ya marafiki wa shule hizo, na mwaka 2005 kadhaa kati yake ziliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Angalia mpangilio wa matukio: orodha ya taifa ilikuja miongo kadhaa baada ya madarasa kufungwa. Muda wote huo, mtu aliyepaka rangi na kuziba mapengo ya paa hakuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Alikuwa mkazi aliyetaka kuendelea kucheza domino pale aliposoma.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, nalo lina uzito: je, huo si Ujerumani wenyewe? Je, si kweli kwamba watu hawa walikuja na tabia ya vyama, vya kuimba, vya kulenga shabaha, vya wakulima, na kwamba tabia hiyo ndiyo iliyookoa shule? Ni kweli kwamba kaunti hii ilijaa vyama. Maonyesho yake ya kilimo, yaliyoanza 1881, huhesabiwa kuwa ya zamani kuliko yote Texas, na mashindano ya vyama vya kulenga shabaha yanaendelea hadi leo. Lakini maelezo hayo yanakwama mahali pawili. Kwanza, miongoni mwa shule zilizosalia zimo ambazo hazina Ujerumani mwingi. Shule ya Morris Ranch, iliyojengwa 1893 kwa mchoro wa Alfred Giles, msanifu mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi San Antonio, ilikuwa ya kijiji cha ranchi ya farasi wa mbio iliyoanzishwa na tajiri kutoka New York. Willow City, yenye shule ya ghorofa ya mawe, walowezi wake wengi wa mwanzo hawakuwa Wajerumani. Zote mbili zimesimama kama za jirani zao. Pili, kilichokuwa cha Kijerumani kuliko vyote, yaani lugha, ndicho kilichopotea. Mwaka 1918, katika joto la Vita Kuu ya Kwanza, Texas ilipitisha sheria ya kumshtaki mwalimu anayefundisha kwa lugha isiyo Kiingereza. Gazeti la Kijerumani la Fredericksburg, lililoanzishwa na Robert Penniger mwaka 1877, lilivumilia hadi miaka ya 1940, kisha likanyamaza. Chuo Kikuu cha Texas kina mradi ulioanza 2001 wa kuwarekodi wazee wanaosema lahaja ya Kijerumani cha Texas, kwa sababu watoto hawaipokei tena. Jengo likabaki, lugha iliyojaza jengo hilo ikatoka. Kama damu ndiyo ingekuwa mlinzi, ingeanza kulinda kinywa.

Pingamizi la pili ni la wenye hoteli, na wao hawana haya kulisema. Wanauliza: mnalalamikia nini? Bila watalii, Fredericksburg ingekuwa kama miji mingine midogo ya Texas yenye maduka yaliyozibwa kwa mbao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Barabara kuu imejaa maduka, migahawa ya soseji na kabichi, na barabara ya 290 kuelekea mashariki imepangana mashamba ya mizabibu na vyumba vya kuonja mvinyo. Hata majina ya mitaa yamepangwa kumchekesha mgeni: ukitembea mashariki kutoka kwenye jengo la mahakama, herufi za kwanza za majina ya mitaa zinaunda maneno ya Kiingereza ya kuwakaribisha wote, na ukielekea magharibi zinakuomba urudi tena. Nakubali kwamba fedha za wageni zimeokoa kuta nyingi. Lakini fedha hizo zina ladha yake. Hulipia kinachoonekana kwenye picha, ndiyo maana siku hizi hata benki na vituo vya mafuta hubandikwa fito za mbao za uongo juu ya zege ili vifanane na nyumba za 1850. Hulipia hadithi tamu kuliko hadithi ya kweli. Mioto ya Pasaka ni ushahidi wa kutosha. Kila mwaka mkesha wa Pasaka moto uliwashwa vilimani, na mgeni huelezwa kwamba wakati wa mazungumzo ya 1847 kati ya walowezi na Wakomanche, Wakomanche hao waliwasha moto wa kupashana habari, watoto wakaogopa, na mama mmoja akawatuliza kwa kuwaambia kuwa ni sungura wa Pasaka anachemsha mayai. Hadithi nzuri sana. Ila mioto ya Pasaka ni desturi ya zamani ya kaskazini mwa Ujerumani, na walowezi wa kutoka Hannover hawakuhitaji Mkomanche wa kuwafundisha.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na halipaswi kujibiwa haraka. Ukisema urithi hubaki pale majirani wanapomiliki pamoja, lazima uulizwe: majirani gani? Mwezi Machi 1847 Meusebach, mtu mwenye ndevu nyekundu ambaye Wakomanche walimwita Jua Jekundu, alikwenda hadi mto San Saba kukutana na machifu wao, na tarehe 9 Mei mwaka huo mkataba ukatiwa saini Fredericksburg. Wajerumani waliahidi zawadi za thamani ya dola 3,000. Wakomanche walikubali walowezi waingie na kupima zaidi ya ekari milioni 3 kati ya mito Llano na Colorado. Sanamu ya makubaliano hayo iko kwenye uwanja wa soko, na wenyeji hujivunia kwamba ni miongoni mwa mikataba michache na watu wa asili ambayo haikuvunjwa. Mkataba huo ulikuwa wa heshima kuliko mingi ya zama zile, hilo halina ubishi. Walakini miaka iliyofuata ilikuwa na mashambulizi na watu waliouawa au kutekwa pande zote, na mwaka 1875 kundi la mwisho la Wakomanche huru lilijisalimisha Fort Sill, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hati yenyewe imehifadhiwa Austin katika maktaba ya jimbo. Wajukuu wa upande mmoja wa saini wanacheza domino Cherry Spring, wajukuu wa upande wa pili wako mamia ya kilomita kaskazini. Mkataba usiovunjwa ambao mmoja wa washirika wake hana hata ekari moja katika ardhi inayohusika unahitaji maelezo zaidi ya sanamu.

Vivyo hivyo juu ya utumwa. Gillespie hujivunia, na ina haki, kwamba mwaka 1861 zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wake walikataa Texas ijitenge na Marekani, katika jimbo lililounga mkono kujitenga kwa kishindo. Walilipia kura hiyo. Jeshi la majimbo yaliyojitenga liliweka kaunti chini ya sheria ya kijeshi, genge lililoitwa kundi la kunyonga likawatoa watu vitandani usiku, na tarehe 10 Agosti 1862 Wajerumani waliokuwa wakikimbilia Mexico walishambuliwa kando ya mto Nueces. 19 waliuawa vitani, na 9 waliojeruhiwa wakauawa baada ya kutekwa. Mifupa yao ilikusanywa na kuzikwa Comfort, kaunti jirani ya Kendall, na mnara uliosimamishwa 1866 umeandikwa kwa Kijerumani kusifu uaminifu wao kwa Muungano. Ni moja ya kumbukumbu za ajabu kuliko zote katika majimbo ya kusini. Hata hivyo, kukataa kujitenga hakukuwa lazima kukataa utumwa. Wengi waliogopa tu kwamba askari wa Marekani wangeondoka mpakani. Na chama kilichowaleta, Adelsverein, kilimiliki shamba kubwa la Nassau katika Kaunti ya Fayette lililoendeshwa kwa nguvu za Waafrika waliotumikishwa. Hilo halimo kwenye nyimbo za sherehe. Baada ya ukombozi, watu weusi wa eneo hili walianzisha jumuiya yao, Peyton Colony, katika Kaunti ya Blanco iliyo jirani, chini ya Peyton Roberts aliyekuwa mtumwa, nao walijenga kanisa na shule kwa mtindo uleule wa kuchangiana. Anayedhani ushirika wa kijiji ni mali ya kabila moja aende Peyton.

Majibu yangu kwa pingamizi hili si kulikanusha. Duara la wanaomiliki pamoja huwa na ukingo, na walio nje ya ukingo majengo yao hayabaki, wala majina yao. Wamormoni wa Lyman Wight walijenga mwaka 1847 kijiji cha Zodiac kando ya mto Pedernales, kilomita chache tu kutoka Fredericksburg. Kinu chao kiliwasagia Wajerumani nafaka wakati wa njaa, na mbao zao ziliingia katika nyumba za mji. Mafuriko yalipoharibu kinu, wakahama, na kijiji kikafutika. Wajerumani walinusurika kwa unga wa Zodiac, lakini hakuna aliyebaki wa kutunza Zodiac. Hoja yangu basi haisemi kwamba ushirika ni wema. Inasema ndio unaoamua nini kitabaki, na kwa sababu hiyo anayetaka historia kamili hawezi kuwaachia walinzi wa majengo peke yao kazi ya kuisimulia.

Kuna majina makubwa pia, na sitakaa nayo sana. Chester Nimitz, amiri aliyepokea kwa niaba ya Marekani kujisalimisha kwa Japani tarehe 2 Septemba 1945, alizaliwa Fredericksburg mwaka 1885, na hoteli ya babu yake, yenye ukumbi wa mbele uliojengwa kama meli, sasa ni sehemu ya makumbusho makubwa ya vita vya Pasifiki. Ni makumbusho ya hadhi ya juu. Yangeweza kuwa popote. Rais Lyndon Johnson ni habari nyingine. Alizaliwa 1908 karibu na Stonewall, mashariki mwa kaunti, na Desemba 1963, mwezi mmoja baada ya kuapishwa, alimleta Kansela wa Ujerumani Magharibi Ludwig Erhard katika kaunti hii kula nyama choma. Familia yake haikuwa ya Kijerumani. Lakini akiwa na miaka minne alisoma kidogo Junction School, shule ya chumba kimoja karibu na ranchi yake ya baadaye, na tarehe 11 Aprili 1965 alipotaka kutia saini sheria kubwa ya kwanza ya kupeleka fedha za serikali kuu katika shule za msingi na sekondari, aliweka meza nje ya jengo hilo, mwalimu wake wa kwanza, Kate Deadrich Loney, akiwa kando yake. Rais mwenye jengo lolote la Washington alichagua ukuta wa shule ya mashambani. Alikuwa mwanasiasa, alijua picha ina kazi gani, lakini picha haifanyi kazi kama jengo halina maana kwa wanaoitazama.

Jirani na ranchi hiyo liko shamba la Sauer na Beckmann, linaloendeshwa na jimbo kama lilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wafanyakazi wake wanakamua ng'ombe, wanatengeneza jibini, wanachemsha sabuni ya mafuta ya nguruwe, na miezi ya baridi wanachinja na kuning'iniza soseji katika banda la moshi, kwa sababu bila barafu nyama haikuchinjwa wakati wa joto. Mmoja wa mabinti wa familia ya Sauer ndiye aliyekuwa mkunga wakati Johnson anazaliwa. Wengine huliona kama mchezo wa kuigiza. Mimi naliona ni bora kuliko kuta za makumbusho zisizoguswa, maana ujuzi wa kuwasha jiko la kuni na kujua soseji imekauka kiasi gani haukai kwenye kabati la kioo. Upungufu wake ni mmoja: analipwa mtumishi wa jimbo kufanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya jirani, na bajeti ya jimbo ikikatwa, banda la moshi litazimika.

Kaunti sasa ina watu karibu 27,000, bei ya ardhi imepanda kwa sababu ya mvinyo na wastaafu kutoka Austin na San Antonio, na wanachama wa vyama vya shule wanazeeka. Mtu aliyesoma Crabapple au Cave Creek kabla haijafungwa ana umri mkubwa leo, na aliyenunua ekari 20 za kuonea machweo hana sababu ya kuja kwenye nyama choma ya shule asiyoijua. Huo ndio udhaifu halisi wa hoja niliyoitetea: matumizi ya pamoja huokoa jengo mradi watumiaji wapo. Sheria za Texas zinaruhusu sehemu ya kodi ya vyumba vya wageni itumike kuhifadhi maeneo ya kihistoria. Fredericksburg inakusanya kodi hiyo kila wikendi kutokana na umaarufu wa urithi huu. Ipelekwe sehemu ya kutosha kwenye mapaa ya shule za vijijini, kwa sharti kwamba zibaki mikononi mwa vyama vya wakazi na milango yake iwe wazi kwa waliohamia juzi, na mbao za maelezo zilizo nje ziwataje Wakomanche, Wamormoni wa Zodiac na watumwa wa Nassau kwa herufi kubwa kama zilizotumika kwa Meusebach. Na msomaji atakayebahatika kufika huko asiishie kwenye nakala ya kinu cha kahawa. Ashike njia ya Crabapple.